Heringi wa chumvi, kiazi cha moto

Chakula chenyewe ni viazi vya moto na samaki wa baridi, basi. Viazi vimechemshwa na maganda yake, vinatoa mvuke, na pembeni kuna samaki wa chumvi ambaye hajawahi kuona moto hata siku moja, amelala kwenye krimu chachu na vitunguu na vipande vya epo. Unachota vyote viwili kwenye uma mmoja, moto na baridi vinakutana mdomoni, chumvi ya samaki inaingia kwenye kiazi ambacho hakijatiwa chumvi kabisa, na hapo ndo unaelewa kwanini watu wa huku Poland wamekula kitu hiki vizazi na vizazi na hawajakichoka. Mimi nimezaliwa Tanga, nimekulia Tanga, samaki nimekula wa kila namna, na nasema kwa moyo wangu wote kwamba hiki ni kimoja kati ya vyakula bora vya samaki nilivyowahi kuvikuta nje ya nyumbani.

Samaki mwenyewe ni heringi, Wapolandi wanamwita śledź, unatamka kama "shlech" hivi. Ni ukoo mmoja na saradini na wale simu wa kwetu pwani, samaki wa makundi makubwa, magamba ya fedha yanabanduka ukimgusa tu, na ana mafuta. Mafuta ndo kila kitu kwake. Wale wa Bahari ya Baltiki, hii ninayoiona kutoka dirishani hapa Gdynia, ni heringi wadogo wadogo maana maji ya Baltiki hayana chumvi nyingi kama bahari zingine, kwahiyo wale wakubwa wanene wanaouzwa wa chumvi wengi wanatoka Atlantiki, upande wa Norwei na Iceland.

Mara ya kwanza nilimharibu. Nilikuwa Łódź, mwaka wangu wa kwanza, nasoma Kipolandi kwenye ile shule ya lugha ya wanafunzi wa kigeni ambayo ipo tangu 1952 na imepitiwa na Waafrika wengi sana, na ile winta ya kwanza nilikuwa na shida ya chakula kwa sababu kila ninachoshika lazima niulize kama kina nguruwe, soseji nguruwe, supu ya maharage nguruwe, mpaka kabichi wanaipika na nyama ya nguruwe. Siku hiyo supamaketi nikaona kindoo cha plastiki, ndani minofu ya samaki, bei ya mwanafunzi, nikafurahi kama nimeokota dhahabu. Nikafika hosteli nikakaanga kitunguu na nyanya, nikatia nazi ya kopo, nikatumbukiza ile minofu moja kwa moja kama inavyotoka kwenye maji yake. Baada ya dakika tano samaki hayupo, amevunjika amekuwa uji, na mchuzi ulikuwa chumvi kiasi kwamba ulimi ulikufa ganzi. Nilimwaga chote. Kwetu kumwaga samaki siyo jambo dogo, niliumia wiki nzima.

Kosa lilikuwa kwamba sikujua nimeshika nini. Nilidhani nimenunua samaki mbichi aliyetiwa chumvi ili asioze, kumbe heringi wa chumvi ameshaiva tayari. Akivuliwa anatolewa matumbo lakini siyo yote, kwa njia ya jadi wanaacha kile kiungo kidogo kinachotengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, alafu anapangwa kwenye pipa tabaka kwa tabaka na chumvi, na humo ndani, kwenye baridi na bila hewa, vile vimeng'enya vinafanya kazi taratibu mpaka nyama inalainika na kupata ladha ambayo samaki mbichi hana. Kwahiyo ukimpeleka kwenye moto unamwivisha kitu ambacho kilishaiva, lazima avunjike. Na kwanini pipa, kwanini wasimuanike kama sisi tunavyoanika ng'onda? Kwanza jua lenyewe la kumkausha liko wapi. Pili yale mafuta yake yakikaa na hewa yanachacha, yanatoa harufu mbaya, kwahiyo dawa ni kumzamisha kwenye maji ya chumvi hewa isimfikie. Chumvi kwa maana hiyo ilikuwa mali. Kuna mji unaitwa Kołobrzeg, magharibi ya hapa kwenye pwani hii hii, ulijulikana tangu zama za kati kwa chemchemi zake za maji ya chumvi na kwa samaki. Nilipousoma habari zake nikakumbuka yale mashamba ya chumvi ya kwetu, yale mabwawa meupe ukitoka mjini Tanga kuelekea kaskazini, na jinsi tulivyokuwa tunapita hapo na baiskeli na macho yanauma kwa mwanga.

Sasa aliyenifundisha ni bibi jirani yangu hapa Gdynia, ghorofa ya tatu. Jina lake silitaji, mimi namwita Pani, ndo heshima ya huku kwa mwanamke mtu mzima, na yeye ananiita synku, yaani kama mwanangu mdogo hivi. Nilikuwa nambebea mifuko yake ngazini, lifti ilikuwa mbovu, na kwenye mfuko mmoja kuna harufu nikaijua. Siyo harufu ya heringi niliyoijua, hapana, ni harufu ya samaki wa chumvi, ile ya gengeni kwetu pale wanapouza papa mkavu, inaingia puani na kukaa. Nikamuuliza, akanieleza kanunua kwenye hala, ile hala ya samaki ya soko la Gdynia, heringi mzima wa pipa. Nikamwambia kile kisa cha Łódź. Aliweka mkono kifuani akanihurumia kweli kweli, akasema njoo saa kumi na mbili jioni, leta mikono misafi.

Nilivyofika alikuwa na beseni la maji ya baridi kwenye sinki. Heringi sita, bado na vichwa, macho mekundu kidogo, tumbo linang'aa kama bati jipya. Tukakata vichwa, tukapasua tumbo, tukatoa kilichobaki, tukavua ngozi kuanzia shingoni kwenda mkiani, inatoka kwa kipande kimoja kama soksi ukiishika vizuri, alafu unaingiza kidole gumba kando ya mgongo unasukuma taratibu mfupa unaachana na mnofu. Ile miiba myembamba inayobaki usihangaike nayo sana, chumvi imeshailainisha. Kisha minofu yote kwenye maji.

Na hapa ndo penye chakula chenyewe. Watu wengi wakipika wanafikiria kuweka, uweke chumvi, uweke viungo, uweke ndimu. Chakula hiki kazi yake kubwa ni kutoa. Unatoa chumvi, na unatakiwa ujue uache kiasi gani, maana ukiitoa yote unabaki na mnofu mlaini usio na maana, na ukiiacha nyingi unaharibu kila kitu kitakachofuata. Bibi hakuwa na saa. Alibadilisha maji, akasubiri, akabadilisha tena, na kila akibadilisha anakata kipande chembamba kama ukucha kutoka sehemu nene ya mgongo, siyo mkiani, mkiani chumvi inatoka haraka inakudanganya, anakitafuna kwa meno ya mbele, anafumba macho, alafu anasema neno moja, jeszcze. Yeshche. Maana yake bado. Maji tena. Nusu saa, saa, anaonja. Jeszcze.

Wallahi nilisimama pale nikamuona mama yangu. Mama akiwa na papa mkavu anafanya vile vile, analoweka, anamwaga maji, anavuta uzi mmoja wa nyama anauweka ulimini, anatikisa kichwa, bado, anarudisha. Hajawahi kunipa dakika wala masaa, nikimuuliza papa analowekwa muda gani ananijibu mpaka chumvi itoke. Wanawake wawili hawajawahi kuonana, mmoja Baltiki mmoja Bahari ya Hindi, wanapima kwa ulimi ule ule. Yaani tangu siku hiyo heringi kwangu siyo chakula cha kigeni tena, ni samaki wa chumvi wa watu wengine.

Kwa anayetaka makadirio, heringi mzima wa pipa kamili analala kwenye maji usiku kucha na unabadilisha maji mara tatu nne. Minofu ya kwenye kindoo ambayo imeandikwa a'la matjas chumvi yake ni ndogo zaidi, saa moja mpaka mbili zinatosha, ila onja. Neno matjas limetoka Uholanzi, ni heringi mchanga ambaye hajataga, mnene, chumvi kidogo. Maji yawe ya baridi na beseni likae kwenye friji, usije ukatumia maji ya moto ukidhani unaharakisha, utamharibu. Wengine mwisho wanamtia kwenye maziwa kama saa moja, maziwa yanamlainisha na kupunguza ule ukali, bibi anafanya hivo akiwa na wageni. Na mwenye presha ajue kwamba hata ukiloweka vipi huyu samaki bado ana chumvi, kula kidogo.

Viazi sasa. Huku ukienda dukani mfuko wa viazi una herufi, A, B au C. A ni viazi vigumu vya saladi, havivunjiki, C ni vya unga, vya kuponda, B viko katikati. Kwa heringi napenda B vidogo vidogo, ganda jembamba, kilo moja kwa watu wanne. Unaviosha kwa brashi, unachemsha na maganda bila chumvi, na chakula hicho kina jina zuri sana, ziemniaki w mundurkach, viazi ndani ya sare, sare ile ya shule, yaani kiazi kimevaa yunifomu. Mezani kila mtu anavua sare ya kiazi chake mwenyewe huku vidole vinaungua.

Na kiazi chenyewe majina hayaishi. Kipolandi cha kawaida ni ziemniak, kutoka neno ziemia, ardhi. Wengine wanasema kartofel, hilo la Kijerumani. Ukienda Poznań ni pyra na watu wa kule wanajivunia mpaka wanaitwa kwa jina hilo, wa milimani kusini wanasema grule, na hapa kwa Wakashubi, wenyeji wa pwani hii ambao Gdynia ilikuwa kijiji chao cha uvuvi kabla bandari haijajengwa miaka ya 1920, ni bulwa. Nilipoambiwa haya nilimwambia bibi kwamba kwetu pia, bara wanasema viazi mviringo au viazi ulaya, pwani na visiwani mbatata, Kenya waru. Kiazi ulaya! Alicheka sana kusikia kwamba sisi tunadhani kimetoka Ulaya, maana hadithi inayosimuliwa huku ni kwamba mfalme Jan III Sobieski alituma viazi nyumbani kwa mkewe baada ya vita vya Vienna mwaka 1683, kama ua la bustanini, kitu cha ajabu cha kutoka mbali. Hadithi iwe kweli isiwe kweli, kiazi kilitoka Amerika Kusini na kila mtu alikipokea kama mgeni akakipa jina lake.

Mchuzi, au niseme kile kinachomfunika samaki. Nachukua kitunguu maji kimoja kikubwa, nakikata pete nyembamba kabisa, nakipaka chumvi nakifikicha na kuosha maji mawili matatu, ndiyo, kama unatengeneza kachumbari, hapa hakuna kipya kabisa kwa mtu wa kwetu, na bibi aliponiona nafanya aliuliza nani kanifundisha maana yeye huwa anamwagia maji ya moto tu. Epo moja lile la chachu, huku kuna aina inaitwa szara reneta, ganda la kijivu na kahawia lina mikwaruzo kama ngozi ya kiazi, ukiliona hulitamani lakini kwa kazi hii hakuna linalolishinda, na ingine antonówka. Unakata vipande vidogo vya mraba, ganda toa. Tango moja au mawili la kuchachusha, siyo lile la siki, ni lile lililokaa kwenye maji ya chumvi na kitunguu saumu na bizari ya majani mpaka likachacha lenyewe. Krimu chachu ya asilimia 18, mililita 250. Kijiko kidogo cha sukari, pilipili manga ya kusagwa hapo hapo, maji ya ndimu kidogo kama epo halina uchachu wa kutosha. Chumvi hapana. Usiguse kabisa kopo la chumvi, yote itatoka kwa samaki.

Minofu sita hivi, kama gramu 400, unakaushia na kitambaa, hili muhimu maana maji yakibaki krimu inakuwa nyepesi, unakata vipande vya vidole viwili, unachanganya na vile vingine, unafunika, friji, usiku mzima. Ukila siku hiyo hiyo ni kizuri, ukila kesho yake ni kitu kingine. Epo linakuwa limenywa chumvi ya samaki na samaki amenywa uchachu wa epo, kitunguu kimelegea, krimu imekuwa nzito na ina ladha ya bahari.

Kuna kitu kimoja cha zamani ambacho bibi alinionyesha na kwenye vindoo vya supamaketi huwezi kukipata, ndo maana mimi nanunua heringi mzima. Samaki dume ana mifuko miwili mieupe laini tumboni, mirefu, inateleza, Wapolandi wanaiita mlecz, neno lililotokana na maziwa. Usitupe. Unailoweka pamoja na samaki, alafu unaiweka kwenye chujio na kuisukuma kwa mgongo wa kijiko mpaka ipite yote chini na ibaki ile ngozi tu. Kinachopita ni kama krimu, rangi ya pembe ya ndovu. Unakoroga na ndimu na sukari kidogo kwanza, ndipo unaongeza krimu chachu, na mchuzi unakuwa mzito wa kupaka kijiko. Bibi anasema mama yake hakuwa na hela ya krimu baada ya vita, kwahiyo mchuzi ulikuwa huo huo wa mlecz tu na siki na kitunguu, na yeye mpaka leo huo ndo anaona heringi wa kweli. Nimejaribu wa namna hiyo pia. Ni mkali zaidi, una bahari zaidi, na kwenye kiazi cha moto unayeyuka.

Namna zingine zipo nyingi, nazitaja haraka. Kuna heringi wa mafuta, anapangwa kwenye chupa na kitunguu na mafuta ya rapa au ya kitani, majani makavu ya liść laurowy, yaani bay leaf, na punje za ziele angielskie, jina maana yake mmea wa Kiingereza, ni punje za mviringo zinazonukia kama karafuu na mdalasini kwa pamoja, mimi nikikosa naweka karafuu mbili za Pemba ninazoletewa na sijasikia mtu akilalamika. Kuna wa Kikashubi, wa nyanya na kitunguu kilichokaangwa na utamu kidogo. Kuna wa kufunikwa shuka, tabaka la heringi, kiazi, bitiruti, yai na mayonezi, wa sherehe huyo, mzuri kwa macho, ila kwangu mimi umejaa vitu mno, samaki amepotea.

Siku yake kubwa ni tarehe 24 Desemba, Wigilia, mkesha wa Krismasi. Hapa Gdynia jua siku hiyo linazama kama saa tisa na nusu alasiri, na watoto wanasimama dirishani kutafuta nyota ya kwanza maana bila nyota hakuna kula. Mezani kuna vyakula kumi na viwili na nyama haipo hata kipande, ni mfungo wa nyama, kwahiyo samaki ndo mwenye meza, na heringi mara nyingi ndo anaanza. Chini ya kitambaa wameweka nyasi kavu. Na kuna sahani moja na kiti kimoja ambacho hakina mtu, ni cha mgeni ambaye hajaalikwa, akibisha hodi akute nafasi yake.

Mwaka ule bibi aliponiita alinikalisha kwenye kiti hicho. Mimi ni Muislamu, Krismasi siyo yangu, na niliingia na wasiwasi ule ule wa kila siku, nitauliza nini, nitakataa nini, nitamkwaza nani. Alafu nikaangalia meza nzima kutoka mwanzo mpaka mwisho, heringi, samaki wa kufugwa wa huku wanayemuita karpi, uyoga, kabichi na njegere, supu ya bitiruti, kompoti ya matunda makavu, na nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii naweza kula kila kitu bila kuuliza swali. Nilishindwa kuongea kidogo. Wenyewe walidhani nimekumbuka nyumbani, na ilikuwa kweli pia.

Baadaye usiku tukaongea habari za nyumbani. Nikisema Tanzania wengi wananijibu Kilimanjaro, basi. Nikawaeleza habari ya Tengeru, pale karibu na Arusha ambapo mama mdogo wangu ameolewa, kwamba kuanzia 1942 Wapolandi karibu 5,000, wengi wanawake na watoto, waliletwa kuishi pale baada ya kuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kupelekwa Siberia na Kazakhstan, wakatoka wakapitia Irani mpaka wakafika kwetu, na kwamba makaburi yao bado yapo na yanatunzwa. Nilikuwa na picha kwenye simu. Bibi akavaa miwani, akaikuza ile picha kwa vidole viwili, na akaanza kusoma majina kwenye mawe moja baada ya lingine kwa sauti ya chini. Mimi nimepita pale mara nyingi na mama mdogo na sikuwahi kuweza kuyatamka. Kumbe yanatamkika vizuri tu.

Heringi anaendelea mpaka Kwaresima. Siku ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu inaitwa śledzik, heringi mdogo, watu wanakusanyika wanamla, alafu siku arobaini zinazofuata yeye ndo bosi wa sahani. Zamani kwenye vijiji, mfungo ukiisha walikuwa wanachukua heringi mmoja wanamtundika juu ya mti, adhabu yake kwa kuwatawala muda wote ule. Namhurumia.

Nyumbani Afrika Mashariki unaweza? Unaweza, ila kwa busara. Heringi wa chumvi hana ndugu yake sokoni kwetu, ng'onda na nguru wa chumvi wametengenezwa kwa kuliwa wakiwa wamepikwa, kwahiyo usije ukamla mbichi kwa kusoma hapa. Nilimpa mama maelekezo kwa simu. Aliloweka nguru wa chumvi kwa ulimi wake kama kawaida, akamchemsha kwa mvuke dakika chache, akamuacha apoe kabisa, akachambua mapande. Krimu chachu hatuna, akachukua mtindi akautundika kwenye kitambaa usiku mzima maji yatoke, ukabaki mzito mweupe. Epo la chachu akaweka embe bichi, lile gumu la kijani, na hapo nawaambia ukweli embe limelizidi epo, nililionja nilipokwenda likizo na tangu hapo natamani lingekuwa linauzwa hala ya Gdynia. Kitunguu cha kachumbari, pilipili manga, mbatata za moto na maganda yake. Mama alikula, akasema samaki wa baridi na kiazi cha moto ni mpangilio mzuri, ila kwanini hakuna pilipili mbuzi, akaongeza.

Mabaki yake yanaliwa asubuhi. Viazi vilivyolala unavikata unavikaanga na siagi mpaka vishike rangi, heringi unamtoa friji vile vile alivyo, na mkate mweusi wa rai kama upo.

Sasa hivi ni saa nne usiku, nje theluji imeanza, beseni liko kwenye friji na kesho watakuja watu watano, bibi akiwemo. Nimetoka kubadilisha maji mara ya tatu. Nimekata kipande cha mgongoni, nimetafuna kwa meno ya mbele.

Jeszcze.